KONA YA WALIMU: Mzee haamini, lakini taa yake inawaka

  

Mwezi uliopita tuliandika hapa juu ya mabadiliko ya hali ya hewa, ile habari ambayo siku hizi redioni wanaiita tabianchi. Tuliandika kwamba dunia inapata joto, kwamba mvua zinabadilika, na kwamba kila familia ingefaa iache koroboi na kutumia taa za jua. Tulidhani tumeandika vizuri. Kumbe kuna mtu hakufurahi hata kidogo.

Siku ya tatu baada ya gazeti kutoka, mzee mmoja wa mtaa ulio karibu na shule alikuja amelikunja mkononi. Hakungoja mapumziko. Alisimama mlangoni mwa darasa akauliza, "Ni nani kati yenu aliyeandika huu uongo?" Watoto wakaanza kucheka chinichini, na sisi tukatoka naye nje chini ya mwembe.

Mzee alikuwa na hoja nne, na tunaziandika hapa bila kuzipunguza, kwa sababu tunajua si yeye peke yake anayewaza hivyo.

Kwanza, alisema mvua na jua ni vya Mungu, wala hakuna binadamu mwenye ufunguo wake. Pili, alisema ukame ulikuwapo tangu zamani. Bibi yake alikuwa akimsimulia njaa ambayo watu walichimba mizizi porini, na wakati ule kule kwao hakukuwa na gari wala kiwanda. Tatu, alisema redio ilitangaza mvua itakuwa haba, yeye akachelewa kupanda lengalenga nyuma ya nyumba, halafu ikanyesha mpaka ukuta wa choo chake ukaanguka. "Wameshindwa kujua mvua ya wiki ijayo, watajuaje ya miaka hamsini?"

Ya nne aliisema kwa uchungu. "Sisi tulikimbia na nguo moja mwilini. Tunapika kwa mafiga matatu. Halafu mnatuandikia kwamba tunaharibu hewa ya dunia? Na hao wenye ndege na viwanda mmeenda kuwaambia?"

Sasa hapo mmoja wetu akakosea. Alimjibu, "Mzee, haya mambo yanataka mtu aliyesoma."

Mzee hakusema neno tena. Alikunja gazeti lake, akaliweka kwenye mfuko wa koti, akaondoka polepole. Sisi tukarudi darasani, lakini somo halikwenda. Tulijua tumemvunjia heshima mtu ambaye ana umri wa babu zetu, na tena mbele ya wanafunzi waliokuwa wanachungulia dirishani. Kwetu mkubwa hajibiwi hivyo, hata kama amekosea, na huyu hakuwa amekosea kwa yote.

Tulikwenda kuomba msamaha

Jioni yake tulimwomba mama mmoja, jirani wa mzee, atutangulie. Jua lilikuwa limeshazama na mtaa mzima ulikuwa giza, tochi moja hapa na nyingine pale. Lakini tulipokata kona tuliona nyumba moja inawaka kweupe kabisa. Ilikuwa nyumba ya mzee.

Juu ya turubai la paa, kwenye fremu ya mbao, kulikuwa na paneli ya jua. Ndani kulikuwa na taa, nje penye kibaraza kulikuwa na taa ya pili, na chini yake walikaa watoto saba na madaftari yao. Watano kati yao ni wanafunzi wetu. Tulikuwa tunashangaa kila siku mbona hawa wanamaliza kazi za nyumbani na wengine hawamalizi, na hatukuwahi kuwauliza wanasomea wapi.

Tulimwamkia mzee, mama akasema neno letu la msamaha, na yule mwenzetu akaomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Mzee akacheka. "Kaeni," akasema. "Mwalimu kijana ni kama baiskeli mpya, lazima kwanza ivutevute." Yeye ni fundi wa baiskeli, kwa hiyo mifano yake yote ni ya baiskeli.

Tukamuuliza, "Lakini baba, wewe umekuja kutugombeza kwa sababu ya taa za jua, na hii hapa ni nini?"

Akajibu, "Hii sikuiweka kwa ajili ya dunia. Niliiweka kwa ajili ya huyu." Akamshika mkono mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, akageuza kiwiko tukaona kovu refu linalong'aa. Koroboi ilianguka usiku mmoja msichana akiwa anasoma. Mafuta yalimwagika, mkeka ukashika moto, na mkono wa mtoto ukaungua. Mzee alizima moto kwa blanketi. Anasema kama ungefika kwenye turubai, wasingetoka hata mmoja. Asubuhi yake aliichukua ile koroboi akaikanyaga mpaka ikawa bapa, akasema moto wa mafuta hautaingia tena kwenye nyumba yake.

Alivyofunga umeme wake

Tunaandika jambo hili kwa urefu, kwa sababu wazazi wengi wametuuliza na wengine wameshaliwa pesa zao.

Mara ya kwanza mzee alishindwa. Alinunua paneli sokoni pamoja na betri kuukuu ya gari ambayo aliambiwa ni mpya. Akaunga waya moja kwa moja kutoka kwenye paneli hadi kwenye betri. Mwezi wa kwanza ulikuwa mzuri. Mwezi wa tatu taa ilikuwa inafifia saa mbili usiku, na wa nne haikuwaka kabisa. Majirani walimcheka sana. Wakasema jua la Mungu halifungwi kwenye waya.

Habari hii ilitukumbusha kijana wa Malawi, William Kamkwamba. Mwaka 2002 alikuwa na miaka 14 na alikuwa ameacha sekondari, kwa sababu njaa ilikuwa imeingia nchini na wazazi wake wakulima walikosa ada. Akawa anasoma vitabu katika maktaba ndogo ya kijiji, akaona picha ya kinu cha upepo. Alikusanya vyuma chakavu, vipande vya baiskeli na miti ya mikaratusi akajenga cha kwake. Watu walisema amerukwa na akili. Walinyamaza siku walipoona balbu imewaka, na baadaye walikuwa wanapanga foleni kuchaji simu kwao. Hakumshawishi mtu kwa hotuba.

Mzee naye hakukata tamaa. Aliuliza kwa fundi mmoja wa redio akaambiwa amekosa kitu kimoja, kontrola. Hicho ni kijisanduku kidogo kinachokaa katikati ya paneli na betri. Kazi yake ni mbili: betri ikijaa kinazuia isipitilize, na ikikaribia kuisha kinakata taa kabla haijakauka. Betri inayokauka mara kwa mara hufa upesi, na ya gari hufa upesi zaidi, kwa kuwa imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya sola.

Pesa ya mara ya pili aliipata kwa upatu, ule ambao sisi wa Kongo tunaita likelemba. Walikuwa nyumba sita, kila mwezi wanachangia na mmoja anapokea. Zamu yake ilipofika alinunua betri ya sola, kontrola na balbu tatu za LED. Paneli ilikuwa ile ile ya kwanza, kwa sababu yenyewe haikuwa na kosa.

Tulikaa naye tukapiga hesabu kwenye daftari la mjukuu. Paneli yake ni ya wati 50. Tukihesabu saa 4 za jua kali kwa siku, inatoa 50 mara 4, yaani wati-saa 200. Lakini njiani kuna kinachopotea, kwenye waya, kwenye betri na kwa sababu ya vumbi, kwa hiyo tuhesabu 150. Taa tatu za wati 5 zikiwaka saa 4 zinakula 60. Redio ya wati 5 kwa saa 4 inakula 20. Simu ndogo sita tuzipe wati-saa 10 kila moja, hizo ni 60. Jumla ni 140. Inabaki akiba ndogo ya 10. Siku ya mawingu mazito mzee hachaji simu za watu, anaacha taa tu.

Hapo mjue na mipaka yake. Pasi ya wati 1,000 ingemaliza zile 150 zote kwa dakika 9. Kwa hiyo mtu akikuuzia paneli ndogo akisema itapika maharage, huyo anakudanganya. Sola ya aina hii ni ya mwanga, simu na redio. Suala la kuni linabaki palepale. Mama zetu na dada zetu bado wanatembea mbali, na hatari za huko tunazijua wote. Kwa kuni tuendelee na yale tuliyoandika huko nyuma: jiko la udongo linaloziba upepo, kuni zilizokauka vizuri, sufuria yenye kifuniko, na maharage yalale kwenye maji usiku mzima kabla ya kupikwa.

Mambo mengine aliyotufundisha mzee:

Kabla ya kulipa, itoe paneli juani mbele ya muuzaji, iunge na balbu, uone inawaka. Soma maandishi ya nyuma uone ni wati ngapi, usinunue kwa ukubwa wa macho.

Iweke mahali ambapo hakuna kivuli kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Hata kivuli cha tawi moja la mwembe kinaweza kupunguza nguvu nyingi.

Iinamishe kidogo ili mvua iioshe. Wakati wa kiangazi ifute vumbi kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla haijapata moto.

Betri ikae mahali penye hewa, mbali na watoto na mbali na moto. Ikifa usiivunje na usimwage maji yake. Yale maji ni tindikali na ndani kuna madini ya risasi, ambayo ni sumu inayodumaza akili za watoto. Irudishe kwa fundi anayenunua mbovu.

Usiku paneli anaishusha na kuiweka ndani. Sababu yake mnaijua.

Tupige na hesabu ya pesa, kwa mfano tu. Familia ikitumia shilingi 300 kila siku kwa mafuta ya taa au betri za tochi, kwa mwaka ni 300 mara 365, yaani shilingi 109,500, na mwaka unaofuata inaanza upya. Kila mtu achukue namba yake mwenyewe, aizidishe mara 365, halafu alinganishe na bei anayoambiwa na fundi. Asisahau kwamba betri itataka kubadilishwa baada ya miaka michache. Mzee anaweka pembeni pesa ya simu za majirani kwa ajili hiyo, kwenye kopo ambalo hata mke wake hagusi.

Tulimjibu kwa heshima

Baada ya chai mzee akasema, "Haya, sasa nijibuni maswali yangu. Nijibuni kama watu, sio kama redio."

Tukaanza na lile la mvua ya wiki ijayo. Tulimwambia hivi: Mwalimu hawezi kujua mtoto fulani atapata alama ngapi kesho, kwa sababu anaweza kuamka na malaria au akalala njaa. Lakini ukimwonyesha alama za darasa zima kwa miaka 30, atakuambia kama shule inapanda au inashuka. Mvua ya wiki ijayo ni yule mtoto mmoja, na tabianchi ni ile shule. Wataalamu nao huhesabu tabianchi kwa wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30. Kwa hiyo redio inaweza kukosea wiki hii na bado hesabu ya miaka ikawa sawa.

Kuhusu ukame wa zamani tulimwambia ni kweli kabisa, ulikuwapo, na hakuna anayekataa. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna kitu kinaongezwa juu yake. Huko Hawaii, Marekani, juu ya mlima Mauna Loa, wamekuwa wakipima hewa tangu mwaka 1958. Mwaka ule, katika kila vipande milioni moja vya hewa, vipande kama 315 vilikuwa hewa ya ukaa, ile inayotoka tunapochoma makaa ya mawe, petroli na miti. Mwaka 2024 vilikuwa vimepita 420. Hewa hiyo ni kama blanketi, inazuia joto la dunia lisitoke upesi. Na jambo hili halikubuniwa juzi na watu wa semina. Mwaka 1896 msomi wa Sweden, Svante Arrhenius, alishapiga hesabu kwa mkono kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka dunia itapata joto. Mwaka 2024 joto la wastani la dunia lilifika takriban nyuzi 1.5 juu ya lile la miaka ya 1850 hadi 1900.

Kuhusu Mungu, hatukutaka kubishana, kwa sababu sisi nasi tunasali. Tulimwuliza tu, "Baba, msitu nao ni wa Mungu. Ukikatwa wote, tutasema ni Mungu aliyekata?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Endeleeni."

Tukaja karibu na nyumbani. Mzee anatoka kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi, na alipokuwa kijana alikuwa anakwenda na baba yake usiku kuvua ndagala kwa taa. Tulimwambia kwamba mwaka 2003 watafiti walichapisha vipimo vinavyoonyesha maji ya ziwa letu yamepata joto. Maji ya juu yakiwa ya moto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na huko chini ndiko kuna mbolea inayolisha vijimea ambavyo mwishowe vinalisha samaki. Watafiti wengine wakasema hapana, uvuvi nao umezidi, nyavu ni nyingi. Mzee akadakia, "Hao wa pili nawaamini zaidi. Nyavu nimeziona kwa macho." Tukamwambia inawezekana yote mawili yana ukweli, na kwamba wenyewe wanaendelea kubishana kwa vipimo.

Hapo ndipo akauliza swali ambalo lilitugusa. "Kwa hiyo wanabishana? Basi mbona mliandika kama vile kila kitu kimeshajulikana?"

Mzee alikuwa na haki. Mwezi uliopita tuliandika kwamba mafuriko yote ya kwetu yanatokana na tabianchi. Hilo tulizidisha, na leo tunalisahihisha mbele yenu. Mnakumbuka mwezi wa Mei 2023, maji na matope yalishuka Kalehe, Kivu ya Kusini, yakafunika Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 wakafa. Humu kambini kuna waliopoteza ndugu siku ile. Baadaye wanasayansi ambao kazi yao ni kupima kama msiba fulani umezidishwa na tabianchi waliichunguza ile mvua. Walisema hawawezi kutoa jibu. Sababu ni kwamba vipimo vya mvua vya eneo lile ni vichache mno, hawakuwa na cha kulinganisha.

Mzee alitulia kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Walisema hivyo wenyewe? Kwamba hawawezi?"

"Walisema wenyewe, baba."

"Basi hao angalau si waongo. Mwongo hasemi sijui."

Tuliona kwamba maneno haya yalimfikia kuliko namba zote tulizotaja. Miaka yote watu wamekuja kumwambia mambo kwa uhakika. Aliambiwa vita vitaisha baada ya mwezi mmoja. Aliambiwa betri ni mpya. Ndiyo sababu mtu mwenye uhakika mwingi anamtia shaka. Na sisi tulimjia vile vile, na gazeti mkononi.

Lile swali la nne

Swali la nne tulilijibu kwa ufupi, kwa kuwa alikuwa sahihi. Nchi zote za Afrika kwa pamoja zinatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa chafu ya dunia, na mkimbizi mwenye mafiga matatu ni nani ndani ya hiyo asilimia 4? Hakuna mama wa kambi hii anayepaswa kulala akijiona mkosefu kwa sababu ya jiko lake. Wenye kuchafua zaidi ndio wenye deni kubwa zaidi. Hata ile koroboi iliyokanyagwa haikuokoa dunia. Iliokoa nyumba ya mzee, na hiyo ni sababu tosha.

Kwa hiyo wazazi, tunayatenganisha mambo mawili ambayo mwezi uliopita tuliyachanganya. La kwanza ni kama dunia inapata joto kwa sababu ya watu. Sisi tunaamini ndivyo, kwa vipimo tulivyotaja. La pili ni kama familia yako iache mafuta ya taa ifunge jua. Huhitaji kuamini la kwanza ili ufanye la pili. Angalia mikono ya watoto wako, kikohozi cha moshi na pesa inayotoka kila siku, uamue. Lakini usifanye kinyume pia, useme kwa kuwa hukusababisha basi halitakufika. Mvua haiulizi nani alichoma petroli. Inashuka kwenye nyumba ya matope kabla ya kushuka kwenye nyumba ya zege.

Tulipokuwa tunaaga, mzee alitusindikiza mpaka kwenye kona. Akasema kwa sauti ya chini, ili wajukuu wasisikie, "Kule kwetu nilikuwa najua mwezi wa kupanda mihogo na mwezi wa kupanda mpunga. Hicho ndicho kitu pekee nilichonacho cha kuwaachia hawa. Kama maneno yenu ni kweli, basi hata hicho hakitawafaa tena. Ndiyo maana sitaki yawe kweli."

Hatukuwa na jibu la hilo. Tulimshika mkono tu.

Kopo la mvua

Wiki iliyofuata mzee alikuja tena shuleni, safari hii wakati wa mapumziko. Alileta kopo la maziwa lililonyooka pande zote, amekata juu na kulisugua kingo. Akasema, "Kama kule Kalehe walikosa vipimo, basi hapa visikosekane." Tulilifunga kwenye kigingi katikati ya uwanja, mbali na miti na paa. Kila asubuhi saa moja, mtoto mmoja anaingiza rula na kusoma maji yamefika milimita ngapi, anaandika tarehe, halafu anamwaga.

Watoto wamejifunza kwamba milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Paa la mita 4 kwa 5 lina mita za mraba 20, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inalimwagia lita 200, yaani madumu kumi ya lita 20. Mama mmoja aliposikia hivyo alikwenda kuweka mfereji wa bati kwenye paa lake siku hiyo hiyo.

Daftari la mvua anatunza mzee mwenyewe. Alisema hawezi kutuachia sisi, kwa sababu tunaweza kuandika namba zinazotufaa. Tulikubali. Kila Ijumaa anakuja anavaa miwani yake, anakagua mstari kwa mstari, na mtoto aliyesahau siku anasemwa. Bado haamini, na anatukumbusha kila akitoka. Sisi nasi tunamwambia, "Tuonane Ijumaa, baba."

Sasa tuna ombi kwenu wazee wote, baba na mama. Leteni shuleni, kwa mdomo au kwa karatasi, jibu la swali hili: kule ulikotoka, ulipokuwa kijana, mvua ya kwanza ilianguka mwezi gani, na ulipanda nini kwanza? Wanafunzi wataandika kila jibu pamoja na jina la eneo. Anayeamini na asiyeamini, wote karibuni, kopo halibagui.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya watoto wanaoacha shule kipindi cha kugawa chakula. Mpaka hapo, zimeni koroboi kabla ya kulala, na mbaki na amani.

Sisi walimu wenu wa kujitolea